Marathon ni kama bumu: ukilitapanya wiki ya kwanza, utafulia Mweka

Leo naomba tuweke pembeni habari za ratiba ya mitihani na foleni ya kantini, tuongee kuhusu mbio. Na sio stori za kupitisha muda, nina hoja kabisa.

Hoja yenyewe ni hii: marathon haikimbiwi kwa moyo. Inakimbiwa kwa kasi ambayo mwili wako umeshailipia mazoezini, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Na hii tabia yetu ya chuoni ya kumshangilia anayetoka nduki kilomita ya kwanza, huku tukimcheka anayeanza taratibu, inaumiza watu. Imefika wakati tuiache.

Kwa walio mbali nieleze kidogo. Kilimanjaro Marathon ipo tangu 2003. Inafanyika hapa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na inaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika, yaani hapa hapa chuoni kwetu. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kukimbia, sisi tunatoka bwenini na ndala mkononi tumeshafika. Kuna mbio za kilomita 42.2, kuna nusu yake, 21.1, na kuna za kilomita 5 za kujifurahisha.

Sasa ukaribu huu una raha yake na una balaa lake. Ikifika Januari, jamaa ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi anasimama katikati ya chumba na kutangaza kwamba mwaka huu anapiga 42. Ukimuuliza kwa nini asianze na 21, anakujibu eti hiyo ni ya watoto. Ukimuuliza amepiga tizi kiasi gani, anakwambia, "Mwanangu, hii kitu ni moyo tu." Hapo ndipo ninapopingana naye.

Tuitazame njia yenyewe kwanza, maana njia ya Moshi ina ujanja wake. Ile mbio ndefu ikitoka uwanjani inashika barabara kuu upande wa kuelekea Dar es Salaam, halafu inageuka na kurudi mjini. Hiyo nusu ya kwanza ni kama tambarare. Asubuhi bado kuna ubaridi, watu ni wengi, mlima unauona pale juu, miguu ni mipya kabisa. Kila kitu kinakwambia wewe ni bingwa. Ukisharudi mjini ndio unageuzwa kuelekea Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda. Unapanda kilomita kama kumi hivi, takriban mita 300 za mwinuko, mpaka karibu na kilomita ya 32, ndipo unateremka kurudi uwanjani. Kwa hiyo sehemu ngumu kuliko zote imewekwa mahali ambapo mwili unaanza kuishiwa, na jua la Februari limeshachomoza sawasawa. Aliyepanga hesabu zake kwa kilomita kumi za mwanzo amepanga kwa mbio ambayo siyo hii.

Na ucheke kidogo: Mweka ndiko wanakoteremkia wapanda mlima wengi. Kule juu waongozaji wetu wanashinda kutwa nzima wakiwaambia wageni "pole pole", na wageni wanatii. Sisi wenye lugha yetu, tukifika barabara ya kwenda huko huko, tunataka kupanda kwa haraka!

Sasa tuje kwenye bumu. Kila mtu hapa chuoni anamjua yule mshikaji ambaye bumu likiingia anakuwa tajiri wa wiki mbili. Chipsi kuku kila siku, viatu vipya, anawanunulia watu soda. Wiki ya tano unamkuta anakula maandazi na chai ya rangi, wiki ya saba anabisha hodi chumbani kwako usiku kuuliza kama umebakiza ugali. Pesa ilikuwa inatosha. Kilichomponza ni mwendo wa kuitumia.

Mwili nao una bumu lake. Linaitwa glaikojeni, ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini. Mtu wa kawaida aliyekula vizuri ana akiba inayokaribia kilokalori 2,000 hivi. Kukimbia kunagharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65, zidisha kwa 42, unapata kama 2,700. Umeona pengo hilo? Linazibwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mwembamba wetu anayo ya kumtosha, pamoja na kile unachokula na kunywa njiani.

Tatizo ni kwamba mafuta hayatoi nguvu kwa haraka kama wanga. Ukienda mwendo wa wastani, mwili unachanganya: mafuta kiasi, wanga kiasi. Ukiongeza kasi, unaegemea zaidi na zaidi kwenye wanga. Yaani kila unapokimbia juu ya uwezo wako kwenye ile tambarare ya asubuhi, unanunulia watu soda kwa bumu la mwezi ujao. Likiisha, halikopesheki. Miguu inakuwa mizito ghafla, kichwa kinakuwa kizito, na mwendo unabaki ule ambao mafuta peke yake yanaweza kuubeba, ambao kwa wengi wetu ni kutembea. Wenzetu wa ng'ambo wanasema mtu kagonga ukuta. Sisi chuoni neno tunalo zamani: kafulia.

Kuna wanaojitetea kwamba wanaweka akiba ya muda. Wanasema, "Mimi nakimbia haraka mwanzo nikiwa na nguvu, ili nikichoka baadaye niwe nimeshatangulia." Inasikika kama ni akili, lakini hebu tupige hesabu ya mfano.

Chukua watu wawili wenye uwezo sawa. Wa kwanza anajilipua, anakwenda dakika 5 na sekunde 15 kwa kilomita mpaka nusu ya njia. Anafika kwa saa 1 na dakika 51. Shangwe! Lakini kafulia. Kilomita 11 za kupanda anazikokota kwa dakika 9 na nusu kila moja, na kumi zilizobaki, ingawa ni mteremko, anachechemea kwa dakika 7 na nusu. Jumla: saa 4 na dakika 51. Wa pili anaanza kwa dakika 6 na sekunde 15. Kwenye nusu yuko nyuma kwa dakika 21 nzima, watu wanamuonea huruma. Anapanda kwa dakika 7 kila kilomita, anateremka kwa 6 na sekunde 15. Jumla: saa 4 na dakika 32. Kamuacha mwenzake dakika 19, na anaweza kuingia kantini kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa nini yule wa kwanza hata mteremko hakuufaidi? Kwa sababu kuteremka sio kupumzika. Kila hatua ya kushuka, misuli ya mapaja inafunga breki: inavutwa huku inajaribu kukaza, na hiyo ndiyo kazi inayochana misuli kuliko zote. Ukifika pale juu ukiwa na mapaja mazima, mteremko ni zawadi. Ukifika yameshachakaa, kila hatua ni sindano. Wale mnaowaona Jumatatu wanashuka ngazi za bweni kinyumenyume, sababu ni hiyo.

Basi mtu atajuaje kasi yake? Hapa ndipo utimamu wa mwili unapoingia, na hapa hakuna longolongo. Wataalamu wanataja mambo matatu yanayoamua mwendo wa mkimbiaji wa masafa marefu. La kwanza ni kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia, tuseme ukubwa wa injini. La pili ni sehemu gani ya injini hiyo unaweza kuitumia kwa muda mrefu kabla mambo hayajaharibika. La tatu ni mwili wako unakula kiasi gani kwa kila kilomita, maana kuna magari mawili yenye injini sawa, moja linakunywa mafuta, lingine halinywi. Yote matatu yanaboreka kwa mazoezi, na yote yanachukua wiki nyingi. Ndio maana mipango mingi ya marathon huwa ya miezi mitatu, minne. Hakuna kilichomo kwenye orodha hiyo kinachoongezeka usiku wa kuamkia mbio, hata ukasirike vipi.

Kipimo cha bei rahisi ni hiki. Mwezi mmoja kabla, kimbia kilomita 10 kwa bidii yako yote, upime muda. Mhandisi mmoja wa Marekani, Peter Riegel, alitoa mwaka 1977 kanuni ya kukadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine. Kwa kanuni yake, muda wako wa kilomita 10 unauzidisha kwa takriban 4.6 kupata muda wa marathon. Kama ulitumia dakika 55, inakuja saa 4 na dakika 13, sawa na dakika 6 kwa kilomita. Sasa sikiliza vizuri: hiyo ni kwa njia ya kawaida, na kwa mtu aliyefanya mazoezi ya marathon kweli kweli, ambaye ameshakimbia mara kadhaa kilomita 25 mpaka 30 kwa mkupuo. Kama mbio zako ndefu kuliko zote zimeishia kilomita 12, kanuni inakupa sifa usizostahili. Na Mweka haimo kwenye kanuni. Kwa hiyo mwenye dakika 55, anayekuja hapa Moshi na mazoezi ya kuungaunga, akianza kwa dakika 5 na robo kwa sababu umati unakwenda hivyo, tayari ameshaandika barua ya kufulia, bado kusaini tu.

Hauna saa ya kupimia? Kipimo kipo, na tulifundishwa bure. Mnakumbuka mchakamchaka? Tulikimbia alfajiri huku mmoja anaongoza wimbo na wengine tunaitikia. Klabu za jogging mitaani zinafanya hivyo hivyo mpaka leo, wanapita wanaimba na filimbi juu. Bila kujua, hicho ndicho kipimo kinachopendekezwa hata na wataalamu: kama unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko kwenye mwendo unaoweza kudumu. Nusu ya kwanza ya hii mbio yetu, kama huwezi kuitikia wimbo, punguza. Huo mwendo unaokukata pumzi kwenye kilomita ya 8 hautafika nao Mweka.

Najua kuna watakaoniambia nazungumza kama mtu mwoga, kwamba mashujaa wetu hawakukimbia kwa kuogopa. Watanitajia Filbert Bayi, aliyetangulia tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 na hakuna aliyempata, akaweka rekodi ya dunia. Kweli kabisa, na tumpe heshima yake. Lakini zile zilikuwa mita 1500, mbio ya dakika tatu na nusu. Bumu la glaikojeni haliishi kwa dakika tatu na nusu. Watanitajia Juma Ikangaa, aliyependa kuongoza hata kwenye marathon. Naye ni kweli, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Ila ile kasi iliyowatisha wengine yeye alikuwa ameizoea mazoezini. Ikangaa kutangulia alikuwa anatumia pesa yake. Sisi tukimuiga tunatumia ya kukopa. Na hata yeye, Boston alimaliza wa pili mara tatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, ya kwanza kwa sekunde moja tu. Marathon haina undugu na mtu.

Na kama tunataka mfano wa karibuni, tunao wa dhahabu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alibaki ndani ya kundi, akavumilia, akavumilia, mpaka wanaingia uwanjani mbele yake yuko Mjerumani, Amanal Petros. Akampata kwenye utepe kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, picha ndiyo iliyoamua, tofauti ya sekunde 0.03. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sasa niambieni, Simbu hakuwa na moyo? Moyo alikuwa nao, ila aliutunza mpaka mahali unapohitajika. Na jirani yetu marehemu Kelvin Kiptum, alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, ya pili 59 na sekunde 47. Yaani binadamu aliyekimbia haraka vile alimaliza kwa kasi kuliko alivyoanza. Wewe wa chumba namba ngapi unaanza kwa fujo?

Wengine wananiletea John Stephen Akhwari. Eti hata yeye aliteseka Mexico mwaka 1968 akamaliza, kwa hiyo kuteseka ndio marathon yenyewe. Jamani, tusimtumie mzee huyu vibaya. Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyeandaliwa, alikimbia kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, akaanguka na kuumia goti, na bado akafika mwisho kwa saa 3:25:27. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye akiwa wa mwisho wao. Maumivu yake yalikuwa ajali. Ya kwetu tunayapanga wenyewe tangu Januari, halafu tunayaita ushujaa.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wa chuo hiki hawatalipenda. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa matokeo zaidi ya 91,000 ya marathon 14 za nchini kwao. Wanaume walipungua kasi kwenye nusu ya pili kwa wastani wa asilimia 15.6, wanawake asilimia 11.7. Kina dada kwa wastani wanagawa nguvu zao vizuri zaidi kuliko sisi. Sababu zinaweza kuwa za kimwili kwa sehemu, wanawake huunguza mafuta zaidi wakiwa kwenye mwendo ule ule. Lakini sehemu nyingine, mimi naona, ni kiburi tu. Hapa kwetu dada akianza polepole anachekwa njiani na watu hao hao ambao baadaye anawapita wamekaa chini kwenye jiwe wanajishika mapaja. Nani alipaswa kumcheka nani?

Na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Mtu anayefulia vile juani sio kichekesho. Mwili ukipata joto, moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule, na anayelazimisha kasi ya asubuhi saa nne juani anacheza na kuzimia. Wapo wanaobebwa. Wapo wanaoumia goti na kukaa miezi. Na wapo wengi zaidi ambao hawaumii popote, ila wanachukia kukimbia maisha yao yote, kwa sababu siku yao ya kwanza waliifanya iwe adhabu. Hao wa mwisho ndio wananiuma zaidi. Walikuwa na miguu mizuri tu, tumewapoteza kwa sababu ya sifa za bwenini.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kama hujakimbia kwa miezi mitatu iliyopita, chukua kilomita 5, uifurahie, hakuna aibu. Kama unazifikisha 10 bila kusimama, ikaribie 21 kwa adabu, maana nayo inapanda kuelekea Mweka. Ile 42 iache kwa aliyezilipia kilomita zake. Ukishaanza, nusu ya kwanza iwe ya kuitikia wimbo. Kwenye kupanda usiangalie saa, angalia pumzi, kasi ishuke yenyewe. Ukibakiwa na nguvu juu pale kilomita ya 32, basi hapo jilipue, nakupa ruhusa, wote tutakushangilia.

Na sisi tunaosimama barabarani, tuache kumpigia mtu kelele za "kaza! kaza!" kwenye kilomita ya tatu. Tuhamie kule barabara ya Mweka, ambako watu wanahitaji neno. Na tukimuona anayepita polepole asubuhi na uso mkavu, tusimcheke. Huenda ndiye mwenye bumu mfukoni peke yake.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na muda wake wa kilomita 10.

Naomba kutoa hoja.